Kitabu cha Kumfaa Umi

Mwanasiti alikuwa mshonaji wa makuti. Kila siku baada ya chai ya asubuhi alitandika jamvi kivulini nyuma ya nyumba, akavuta rundo la majani ya mnazi, akaanza kazi. Alikunja jani juu ya ufito, akashona, akashika jingine. Vidole vyake vilikwenda mbio hata akiwa anazungumza na mtu. Katika kijiji chao, kando ya barabara ya kwenda Kirongwe, mtu akitaka kuezeka nyumba alijua aende kwa nani.

Mumewe, Mfaume, alikuwa mkwezi wa minazi. Alipanda minazi yake na ya watu, akaangua nazi, akarudi mchana na jasho na njaa. Walikuwa na binti mmoja, Umi, mwenye miaka kumi na mitatu. Umi alisoma darasa la sita. Alikuwa mtoto wa maneno mengi. Akitumwa dukani kununua chumvi, alirudi na chumvi na habari za nusu ya kijiji.

Mwezi wa sita shule ilipofunga, Umi alirudi na ripoti. Siku hiyo hakuleta habari yoyote. Aliiweka karatasi juu ya jamvi, akaenda kuchota maji bila kuagizwa.

Mwanasiti aliifungua. Yeye alimaliza darasa la saba zamani, na tangu hapo alichosoma kilikuwa ujumbe wa simu na maandishi ya pakiti za dawa. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Hisabati, hamsini na nane. Sayansi, hamsini na moja. Kiswahili, thelathini na moja. Chini kabisa mwalimu aliandika: "Anasoma kwa sauti nzuri, lakini haelewi anachosoma."

Mfaume, aliyesoma kwa shida kuliko mkewe, aliporudi alisomewa ripoti hiyo. Alikunja uso.

"Kiswahili?" aliuliza. "Lugha tunayolala nayo na kuamka nayo?"

"Baba, kusema ni rahisi," Umi alijibu, akitazama chini. "Kwenye karatasi inakuwa kitu kingine."

"Si unataka kuwa muuguzi wewe? Muuguzi gani asiyeelewa maandishi? Mwakani ni mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Ukifeli utakwenda Kanga kwa shangazi yako, ukasuke mikeka. Na sitaki kusikia kilio."

Mwanasiti aliikunja ripoti. Kusuka mikeka ni kazi ya heshima, na yeye mwenyewe aliishi kwa mikono yake. Lakini yeye hakuna aliyemuuliza anataka nini. Alitaka binti yake aulizwe.

Wiki ile Mfaume alikwenda mjini Kilindoni kupeleka nazi. Aliingia katika duka la vitabu na kalamu la Bwana Muhsin.

"Nipe riwaya," alisema. "Ile hadithi ndefu ya kitabu kizima. Ya mwanafunzi."

"Mwanafunzi wa darasa la ngapi?"

"Wewe nipe iliyo nene. Akiimaliza hiyo, vidogo vyote vitakuwa kama maji ya kunywa."

Bwana Muhsin alimpa riwaya iliyokuwa nene kuliko zote dukani. Ilikuwa na kurasa mia nne na zaidi. Herufi zake zilikuwa ndogo kama chawa. Ilihusu mambo ya wanasiasa na wafanyabiashara wa mjini. Mfaume aliibeba kwa furaha. Alipofika nyumbani alitoa amri: kila siku baada ya sala ya alasiri, Umi asome kwa saa nzima.

Umi alisoma. Kila alasiri alikaa kizingitini na kitabu mapajani, akafunua ukurasa, kisha mwingine. Mwanasiti alimtazama akiwa kazini, akaona fahari. Baada ya siku kumi alimuuliza:

"Haya, mwanangu, hicho kitabu kinasemaje?"

Umi alisita kidogo, kisha akaanza. Alisimulia habari za bwana mmoja mwalimu aliyepotelewa na ndugu yake sokoni. Alisimulia jinsi alivyomtafuta mlango kwa mlango, na jinsi alivyosikia kikohozi chake nyuma ya ukuta. Mwanasiti aliacha kushona. Hadithi ilikuwa tamu.

Kesho yake alitaka kuendelea kuisikia. Lakini safari hii yule bwana alikuwa daktari, na aliyepotea hakuwa ndugu bali mke. Umi alipokwenda kwa jirani, Mwanasiti alikichukua kile kitabu. Alisoma ukurasa wa kwanza kwa shida. Akarudia. Akafungua ukurasa wa kumi, wa thelathini, wa hamsini. Hakumwona mwalimu, wala daktari, wala soko. Waliokuwamo walikuwa watu waliojadili mikataba.

Umi aliporudi alimkuta mama yake ameshika kitabu. Machozi yakamtoka kabla hajaulizwa.

"Nimetunga, mama. Nisamehe. Maneno nayasoma yote, lakini hayaingii. Nikifika mwisho wa mstari nimeshasahau mwanzo wake. Nikaona nikisema sielewi, baba atanipeleka Kanga."

Mwanasiti alimvuta akae naye jamvini. "Usilie. Hata mimi ukurasa wa kwanza umenishinda. Na mimi mtu mzima."

"Sasa tutafanyaje?"

"Sijui," Mwanasiti alisema. "Lakini nitajua. Mtoto anayeweza kutunga hadithi nzuri vile, kichwa chake hakina ubovu."

Shule ilipofunguliwa, Mwanasiti alivaa buibui lake, akaenda kumwona mwalimu wa Kiswahili, Mwalimu Fahima. Alimkuta kwenye baraza ya darasa akisahihisha madaftari.

"Asalaam aleikum, Mwalimu."

"Waaleikum salaam, mama Umi. Karibu kiti."

Mwanasiti alieleza yote. Hakuficha hata lile la kutunga. Alitoa kitabu kinene katika mkoba, akakiweka mezani. Mwalimu Fahima alikifunua, akatabasamu.

"Hiki ni kitabu kizuri," alisema. "Lakini kimeandikiwa watu wazima. Umi akikisoma sasa, anahangaika na maneno tu, hapati nafasi ya kufuata habari. Mtoto anayesoma kitabu kinachomshinda kila siku huanza kuamini kwamba yeye ni mjinga. Kisha anaviogopa vitabu vyote."

"Basi nimpe kipi? Vya watoto wadogo, vile vya picha ya paka na panya? Atachekwa."

"Ndipo wazazi wengi wanapokwama. Wanaona viko viwili tu, cha mtoto mchanga na cha mtu mzima. Katikati ziko riwaya za watoto wa umri wa Umi, miaka kumi mpaka kumi na tano hivi. Nyingi si nene. Herufi zake zinaonekana, sura zake ni fupi, na mara nyingi anayesimuliwa ni mtoto rika lao, mwenye mashaka kama yao."

"Nitavijuaje?"

Mwalimu Fahima alinyoosha mkono wake wa kushoto. "Kwa vidole. Mwambie Umi afungue ukurasa wa katikati, wenye maandishi mengi. Asome kimya. Kila akikutana na neno asilolijua, akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho bado. Akiweke, atakirudia mwakani. Akikunja viwili au vitatu, hicho ndicho. Anajifunza maneno mapya na habari haimpotei."

"Na asipokunja hata kimoja?"

"Ni chepesi. Lakini usimnyang'anye. Asome apate raha na mwendo. Raha nayo ina kazi yake. Na jambo jingine, mama Umi, mwache achague mwenyewe. Akisoma kurasa kumi asivutiwe, akirudishe achukue kingine. Si dhambi."

Mwanasiti aliyaweka maneno hayo kichwani moja moja. Kisha akauliza, "Sasa hivyo vitabu viko wapi? Kilindoni?"

Mwalimu Fahima alishusha sauti. "Viko hapa."

Alimpeleka ofisini kwa mwalimu mkuu. Kwenye pembe palikuwa na kabati la mbao lenye kufuli. Kupitia kioo kilichojaa vumbi Mwanasiti aliona vitabu vimesimama mstari kwa mstari. Vingi vilikuwa bado vipya. Wafadhili walivileta, Mwalimu Fahima alisema, zaidi ya hamsini, na riwaya za watoto ndizo nyingi.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Jumanne, alikuwa mtu mpole, lakini kuhusu kabati lile hakuwa na mchezo.

"Mwaka juzi tuliviazimisha," alisema. "Vitano havikurudi. Viwili vilirudi vimelowa mvua. Vitabu hivi nimekabidhiwa mimi, mama. Wakaguzi wakija watanidai mimi."

"Na wakaguzi wakiuliza watoto wangapi wamevisoma, Mwalimu, utawaambiaje?"

Mwalimu Jumanne alifuta vumbi la kioo kwa kiganja.

"Mimi ni mzazi," Mwanasiti aliendelea. "Sina elimu kubwa. Lakini mwanangu ana kiu, na maji yako nyuma ya kioo hiki. Niambie unataka nini ili kufuli lifunguliwe. Nitakileta."

Mwalimu mkuu alijaribu kufuli. "Nataka wazazi wasimame pamoja nami," alisema. "Jumamosi kuna kikao. Wakikubali, nitafikiri."

Mwanasiti hakungoja Jumamosi ifike. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba wazazi waje wakubali. Wanawake wanaosuka ukili wa mikeka walimsikiliza. Wengine walimwambia anajitafutia kazi bure. Aliporudi nyumbani jioni miguu ilimuuma, na kwenye jamvi makuti yalimngoja.

Mfaume alimwona. "Umezunguka kijiji kizima kwa ajili ya vijitabu," alisema. "Mimi nimeleta kitabu cha maana, hamkitaki."

Mwanasiti alikaa karibu naye. "Baba Umi, nikuulize. Ulipojifunza kukwea, ulianza na mnazi upi?"

"Ule mfupi wa marehemu babu, nyuma ya jiko lake."

"Kwa nini hukuanza na ule mrefu wa karibu na msikiti?"

Mfaume alicheka. "Ule? Ningevunjika shingo. Na pale hapakuwa na vidato vya kukanyagia. Babu alinichongea vidato vya karibu karibu, kwa miguu ya mtoto."

"Umi naye anataka vidato vya miguu yake."

Mfaume alichukua kikombe cha chai akanywa taratibu. Usiku ule hakusema tena habari za Kanga.

Jumamosi wazazi walijaa darasani. Mwalimu Fahima alieleza faida ya riwaya kwa watoto. Alisema kwamba mtoto anayefuata hadithi ndefu hujifunza kushika habari kichwani, kuunganisha jana na leo, na kukisia maana ya neno kwa kutazama maneno yaliyo jirani nalo. Hilo ndilo linaloulizwa katika mtihani wa ufahamu, na si wa Kiswahili peke yake. Hata swali la hisabati lazima lieleweke kwanza.

Mama mmoja, Aziza, alisimama. "Hadithi zitawafanya wavivu. Nani atachota maji?"

"Watachota," alijibu Mwalimu Fahima. "Tunaomba robo saa tu kwa siku."

Mzee wa makamo aitwaye Shaabani aliinua mkono. Aliongea kwa haya. "Mimi sijui kusoma, Mwalimu. Nitamsaidiaje mwanangu?"

"Kwa masikio, Bwana Shaabani. Keti naye akusomee. Usimhoji kama polisi. Muulize, wewe ungekuwa yule mtoto ungefanya nini? Unadhani mbele kutatokea nini? Akikueleza wewe ukaelewa, ujue na yeye ameelewa."

Kisha Mwanasiti akasimama. Hakuwahi kusema mbele ya watu wengi namna ile.

"Mwalimu mkuu anaogopa vitabu vitapotea na kulowa," alisema. "Ana haki. Basi sisi wanawake tunaosuka tutatengeneza mikoba ya ukili, mmoja kwa kila kitabu, na ndani tutatia nailoni. Kitabu hakitoki shuleni bila mkoba. Mzazi atakuja mwenyewe kutia sahihi au dole gumba. Kikipotea, asitafutwe mwalimu. Nitafutwe mimi kwanza."

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Aziza. "Mimi nitasuka mitano," alisema. "Lakini maji yachotwe."

Watu wakacheka. Mwalimu Jumanne akatoa funguo mfukoni, akazitazama, akazirudisha. "Mwezi mmoja," alisema. "Vitabu ishirini. Darasa la sita tu. Mambo yakiharibika, nafunga."

Wiki iliyofuata mikoba ishirini ilikuwa tayari. Mwalimu Fahima alibandika mlangoni karatasi kubwa ya manila. Juu yake aliandika: "Riwaya Tunazokupendekezea." Chini yake aliandika kila kitabu kwa maneno machache. Kimoja kilihusu mapacha waliopotea pangoni wakifuata mpira. Kingine kilihusu mtoto aliyehamishwa na mafuriko, akaingia shule asikomjua mtu. Kingine kilihusu watoto wanne waliotafuta nani ameiba kengele ya shule. Kingine kilihusu msichana wa milimani aliyejifunza kutengeneza redio mbovu.

Mwanasiti alikuwapo siku ile ya kuchagua. Mwalimu Fahima alimpa Umi kile cha mafuriko. Umi akafungua katikati, akasoma. Akakunja kidole, cha pili, cha tatu, cha nne, cha tano. Bado nusu ukurasa.

"Bado," alisema kwa unyonge.

"Vizuri sana," alisema Mwalimu Fahima. "Umejua mwenyewe. Jaribu kingine."

Umi alishika cha redio. Alikunja kidole kimoja. Akakunja cha pili. Kisha akafunua ukurasa wa pili, wa tatu, akasahau kwamba watu wanamngoja.

"Umi," rafiki yake Kidawa alimwita. "Tupishe na sisi tuchague!"

Nyumbani walianza utaratibu wao. Baada ya kula, Umi alisoma ukurasa mmoja kwa sauti, Mwanasiti akasoma unaofuata kwa mwendo wake wa kidole. Mwanzoni Mwanasiti aliona haya mbele ya mtoto. Baadaye haya ikamtoka. Wakikutana na neno gumu hawakusimama. Walisoma mpaka mwisho wa sentensi, wakalikisia. Wasipopata, Umi aliliandika pembeni mwa daftari akamuulize mwalimu.

Siku ya tatu Mfaume alikuwa amelala ubavu, amewapa kisogo. Msichana wa kitabuni alikuwa amefungua redio ya jirani mkali, na sasa vipande vimemwagika sakafuni, na jirani anabisha hodi. Umi akafunga kitabu. Robo saa ilikuwa imekwisha.

"Ehe?" Mfaume alisema bila kugeuka. "Akafungua mlango, hakufungua?"

"Kesho, baba."

"Kesho! Mtu anabisha hodi tangu sasa mpaka kesho?" Alikaa kitako. "Soma, mwanangu. Leo chai nachemsha mimi."

Wiki mbili zilipita vizuri. Umi alimaliza kitabu, Kidawa akakiazima akakimaliza, na Umi akakiomba tena akisome mara ya pili. Ndipo balaa likaja. Siku hiyo Umi alikuwa anasoma jamvini, akaitwa haraka kumsaidia baba yake kubeba nazi. Alikiacha kitabu nje ya mkoba. Mbuzi wa Mwanasiti mwenyewe akafika. Waliporudi walimkuta anatafuna. Jalada la mbele lilikuwa limekwenda lote, pamoja na kurasa nne za mwanzo wa hadithi.

Umi alilia kwa kwikwi. Mfaume alimfunga mbuzi kwa hasira kana kwamba kumfunga kungerudisha kurasa. Mwanasiti alikaa chini, akashika kichwa. Yeye ndiye aliyesema mbele ya kijiji, nitafutwe mimi kwanza.

"Tusiseme," Umi alinong'ona. "Tukiweke chini ya vingine. Mwalimu mkuu hatakiona."

"Hapana," Mwanasiti alisema. "Tukificha, tumefunga kabati kwa mikono yetu. Kesho nitakwenda nacho." Akafikiri kidogo. "Umi, hizo kurasa zilisemaje?"

Umi alifuta machozi. Akaanza kueleza. Msichana yuko juu ya paa, anarekebisha waya, anasikia sauti ya mtu wa mbali. Bibi yake anamwita ashuke. Alieleza mpaka rangi ya kanga ya bibi na maneno aliyosema. Safari hii hakutunga.

"Chukua kalamu," Mwanasiti alisema.

Umi aliandika jioni ile kwa mwandiko wake wa duara. Kidawa aliitwa aje kusikiliza, kwa kuwa naye alikuwa amekisoma. Alisahihisha mahali pawili. "Waya ulikuwa wa shaba," alisema. "Na bibi hakukasirika, alijifanya." Mwanasiti alipika gundi ya unga wa muhogo. Alikata jalada jipya kwa boksi, akagandika kurasa nne za mkono mahali pa zile zilizoliwa, akashona mgongo wa kitabu kwa sindano na uzi, kwa mikono ile ile ya kushona makuti.

Asubuhi alisimama mbele ya Mwalimu Jumanne. Umi alikuwa pembeni yake. Alieleza jambo lenyewe, mbuzi na yote, bila kujitetea.

Mwalimu mkuu alikichukua kitabu. Uso wake ulikuwa umekaza. Alifungua jalada la boksi, akasoma ukurasa wa kwanza wa mkono. Akasoma wa pili. Mwanasiti aliona macho yake yakikimbia mstari kwa mstari.

"Nani amekuandikia haya?" alimuuliza Umi.

"Mimi, Mwalimu. Ni maneno yangu, lakini ndivyo ilivyokuwa."

Mwalimu Jumanne alivuta kitabu cha ripoti za darasa la sita, akatafuta jina la Umi, akatazama alama thelathini na moja. Akamwita Mwalimu Fahima. Wakazungumza kwa sauti ya chini. Kisha akamgeukia Mwanasiti.

"Kitabu kuliwa na mbuzi ni kosa," alisema. "Kuanzia leo, kisiposomwa, kiwe ndani ya mkoba, na mkoba uangikwe juu. Waambie wazazi wote."

"Nitawaambia, Mwalimu. Na kabati?"

"Kabati lina vitabu thelathini zaidi vya kutoa," alisema, akampa Mwalimu Fahima funguo. "Darasa la tano nao waanze."

Ijumaa ile Mfaume alirudi Kilindoni na ile riwaya nene chini ya kwapa. Bwana Muhsin alishangaa kumwona mkwezi amesimama kati ya rafu, anafungua vitabu katikati, anakunja vidole kama Umi alivyomfundisha, huku midomo ikicheza. Mwishowe walibadilishana. Mfaume aliacha kinene, akachukua viwili vyembamba, kimoja cha nyumbani na kimoja cha kuipa shule mahali pa kile kilicholiwa. "Hivi nimevipima," alimwambia mwenye duka. "Mwingine akija kukuuliza cha mwanafunzi, usimpe kwa unene. Muulize mtoto ana umri gani na anapenda nini."

Karatasi ya mlangoni ilizidi kujaa. Sasa hawakuwa walimu peke yao walioandika. Mwanafunzi akimaliza kitabu aliandika jina lake na sentensi moja au mbili kwa wenzake. Kuhusu kitabu cha kengele Kidawa aliandika: "Usianze kukisoma kabla hujaosha vyombo, utapigiwa kelele." Umi, aliyerudi kwenye kile cha mafuriko mwezi wa kumi na kukunja vidole vitatu tu, aliandika: "Kigumu kidogo mwanzoni. Vumilia mpaka sura ya tatu."

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuja. Mwanasiti alifungua ripoti akiwa amesimama. Kiswahili, sitini na sita. Sayansi nayo imepanda. Chini mwalimu aliandika: "Anaelewa. Ana maswali mengi. Msimnyamazishe."

Mfaume aliisoma mwenyewe safari hii, neno kwa neno, mara mbili. Kisha akamwambia binti yake, "Shangazi yako wa Kanga nitamwandikia barua mimi mwenyewe. Nitamwambia asikungoje, labda uende kumsalimia."

Siku ya kufunga shule, Mwalimu Jumanne aliamua vitabu visikae kabatini likizo nzima. Watoto walipanga mstari mpaka nje ya ofisi, kila mmoja na mkoba wa ukili mkononi, na wazazi wakatia sahihi. Mwalimu Fahima alikuwa mezani. Alipoinua kichwa alimwona Mwanasiti amesimama katikati ya watoto, akingoja zamu yake.

"Mama Umi, umekuja kumchukulia Umi? Mbona yeye ameshapita."

"Najua," Mwanasiti alisema, akashika kalamu. "Umi kashachukua chake. Mimi nimekuja kuchukua changu."